Matokeo ya semesta ya kwanza: GPA 3.0 na sup moja, nianzie wapi kuyachambua?

Fresha_wa_Biashara

Wakuu, habari za leo. Mwaka wa kwanza hapa, digrii ya biashara ya miaka mitatu. Matokeo ya awali yameshawekwa kwenye mfumo na semesta ya pili inafunguliwa Jumatatu. Pole nimeshapewa za kutosha, natafuta mtu anayejua kuzisoma hizi namba. CA (test na kazi za semesta) ni kati ya 40, UE (mtihani wa mwisho) ni kati ya 60.

Maikroekonomi (krediti 12): CA 23, UE 24, jumla 47, C
Hisabati za biashara (12): CA 17, UE 20, jumla 37, D, sup (mtihani wa marudio)
Uhasibu (12): CA 31, UE 33, jumla 64, B+
DS, yaani Development Studies (8): CA 29, UE 28, jumla 57, B
Stadi za mawasiliano (8): CA 30, UE 31, jumla 61, B+
Kompyuta (8): CA 33, UE 38, jumla 71, A

Maswali: palipoharibika ni wapi hasa, hesabu peke yake au kuna kingine? Je, upper second (daraja la pili la juu) bado ipo au nianze kuizoea lower? Na ratiba ya kujisomea ipangwe kwa kipimo gani? Maana "piga msuli" kila mtu anasema, lakini msuli wa saa ngapi hakuna anayetaja.

Kikokotoo

Mkuu, kabla ya uchambuzi wowote hakikisha namba ni zako. Toa karatasi zote za test ulizorudishiwa, jumlisha, linganisha na CA iliyo kwenye mfumo. Makosa yanayojirudia kila mwaka ni mawili. La kwanza, alama ya kazi ya kikundi haikuingia kwa sababu namba ya usajili iliandikwa vibaya kwenye jalada. La pili, test moja imesomeka sifuri kwa kuwa mwanafunzi alihama mkondo wa seminari na jina lake likabaki kwenye orodha ya zamani. Matokeo yakiitwa ya awali maana yake Seneti ya chuo haijayapitisha, kwa hiyo sasa hivi CA hurekebishwa kwa kwenda na karatasi mkononi kwa mhadhiri. Yakishapitishwa ni habari ya rufaa, na rufaa ina fomu na ada.

Sasa GPA. A (70 kwenda juu) ni pointi 5, B+ (60-69) ni 4, B (50-59) ni 3, C (40-49) ni 2, D (35-39) ni 1, E ni 0. Hii ndiyo ngazi ya vyuo vingi vya Tanzania, ila baadhi ya vyuo vya tiba vina yao ambapo pasi huanzia 50. Unazidisha pointi kwa krediti:

24 + 12 + 48 + 24 + 32 + 40 = 180. Gawa kwa krediti 60, unapata 3.0.

Sup ukiifaulu, vyuo vingi vinakuandikia C hata ukipata 80. Hesabu itatoka pointi 12 kwenda 24, jumla 192, na GPA ya semesta inakuwa 3.2.

Upper second inaanzia 3.5. Digrii ya miaka mitatu ina krediti 360 (120 kwa mwaka), kwa hiyo unahitaji 360 × 3.5 = 1,260. Toa 192 ulizonazo, zinabaki 1,068 za kutafuta kwenye krediti 300. Hiyo ni wastani wa 3.56 kwa semesta tano. Mlima wenyewe ndio huo, na uko hapo karibu. Ukitaka first class, yaani 4.4, fanya hesabu hiyo hiyo: 1,584 toa 192, gawa kwa 300, inakuja 4.64. Maana yake ni A katika karibu theluthi mbili ya krediti zako na B+ kwingine kote. Inawezekana kwenye karatasi.

Angalizo: vyuo vingi GPA hukatwa kwenye desimali moja, haikuzwi. Ukimaliza na 3.49 inaandikwa 3.4, na hakuna ofisi utakayoenda kulilia.

Jambo la mwisho upande wangu, ambalo watu hawaliangalii. Pointi zinapanda kwa ngazi. Aliyepata 40 na aliyepata 49 wote wana pointi 2. Wewe maikro una 47: umekosa alama 3 kufika B, na zingekuongezea pointi 12, yaani 0.2 ya GPA ya semesta nzima. DS una 57, alama 3 tena, zina thamani ya 0.13. Uhasibu ulihitaji 6 kufika A. Kwa hiyo alama 6 tu, tatu maikro na tatu DS, zingekutoa 3.0 hadi 3.3 bila kugusa hesabu. Ukipanga semesta ya pili, zitazame kozi zenye krediti 12 kwanza. Kompyuta ya krediti 8 ukiitoa 71 kuipeleka 90 huongezi hata chembe.

Seminarini

Kikokotoo kamaliza hesabu za juu. Mimi nasahihisha, kwa hiyo natazama kitu kingine: CA na UE kila moja kwa asilimia yake.

Maikro: CA 57, UE 40.
Hesabu: CA 42, UE 33.
Uhasibu: CA 77, UE 55.
DS: CA 72, UE 46.
Mawasiliano: CA 75, UE 51.
Kompyuta: CA 82, UE 63.

Unaona? Ukiacha hesabu, kila kozi UE imeanguka kwa kati ya 17 na 26. Hata ile uliyopata A. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: hesabu ni ugonjwa mmoja, na chumba cha mtihani ni ugonjwa mwingine ulioenea kozi zote. Sup imekupigia kelele kwenye hesabu, huu mwingine umejificha nyuma ya B+.

Kabla sijaendelea, vunja CA ya maikro na ya hesabu. Test ya kwanza ngapi, ya pili ngapi, kazi ya kikundi ngapi?

Fresha_wa_Biashara

Asante sana wakuu. Karatasi nimezikagua, ziko sawa na mfumo.
Maikro: test 1 ni 7/15, test 2 ni 7/15, kikundi 9/10.
Hesabu: test 1 ni 11/20, test 2 ni 6/20. Haikuwa na kazi ya kikundi.

Seminarini

Basi hapo. CA yako ya maikro inasomeka 23 kati ya 40 na unajiona umevuka nusu. Toa kikundi: umebaki na 14 kati ya 30, asilimia 46. UE ikaja 40. Pengo la 17 limeshuka hadi 6. Maana yake UE haikukuonea, ilisema kilekile ambacho test mbili zilikwishasema. Alama ya kikundi ni ya kikundi, mara nyingi kaandika mmoja na sita wamesaini. Semesta ya pili andika CA yako kwa safu mbili: ulichokifanya ukiwa peke yako, na ulichobebwa. Fuata safu ya kwanza.

Sasa kwa nini UE zinaanguka. Sababu kubwa ni tatu na ya kwanza ni saa. Chukua UE ya saa tatu yenye maswali manne ya alama 15. Dakika 180, toa 10 za kusoma na kuchagua maswali, toa 10 za kupitia mwishoni, zinabaki 160. Kila swali dakika 40, hakuna zaidi. Kinachotokea ni kwamba mtu anaanza na swali analolipenda, analimwagia kurasa sita kwa dakika 70, halafu la nne anaandika nukta zisizo na maelezo. Lile la kwanza lilishajaa alama zake kwenye ukurasa wa tatu, hizo tatu nyingine tunazisoma tu.

Ya pili ni kitenzi cha swali. Mtihani unakuja kwa Kiingereza. Ukiambiwa "distinguish" unatakiwa uweke vitu viwili ubavuni, kigezo kwa kigezo. Anayeandika aya kuhusu hiki, kisha aya kuhusu kile, ameeleza vitu viwili na hajatofautisha. Anapewa kama nusu. DS ndiyo inayoumiza zaidi hapa, kwa sababu desa (maelezo ya kozi yanayonakiliwa) la DS limeandikwa kwa mtindo wa kuorodhesha, na mtu akilikariri anaorodhesha hata pale anapoombwa atoe hoja na kuipima.

Ya tatu ni kukariri kanuni bila kujua inajaribiwaje. Tuchukue elastisiti ya mahitaji (mauzo yanaitikiaje bei ikibadilika), maana haikosekani maikro. Bei ya mchele inapanda kutoka 2,400 hadi 3,000 kwa kilo, mauzo yanashuka kutoka kilo 100 hadi 80. Kokotoa elastisiti, eleza mapato ya muuzaji yamekuwaje.

Wengi wanafanya hivi: kiasi kimeshuka asilimia 20, bei imepanda asilimia 25, 20 gawa kwa 25 ni 0.8. Iko chini ya 1, mahitaji hayanyumbuki, kwa hiyo mapato yamepanda. Imeandikwa kwa kujiamini kabisa. Sasa zidisha: 2,400 × 100 ni 240,000. Na 3,000 × 80 ni 240,000. Mapato hayajasogea hata shilingi!

Kilichokosewa ni msingi wa kugawia. Badiliko likiwa kubwa hivi unatumia wastani wa mwanzo na mwisho: 20 gawa kwa 90, na 600 gawa kwa 2,700, zote zinatoa asilimia 22.2, elastisiti ni 1 kamili, na mapato yasiyosogea ndiyo hasa yanayotarajiwa. Swali kama hili la alama 15 linaweza kugawanywa hivi: maana 2, kanuni 2, ukokotoaji 4, tafsiri 4, mchoro 3. Mwenye 0.8 atapata maana, labda na mchoro. Amepoteza sehemu kubwa, na kuzidisha mara mbili kungemshtua.

Kwa hiyo zoezi la wiki hii: UE karatasi zake hazirudishwi, lakini maswali yanapatikana kwa CR (mwakilishi wa darasa) au steshenari za nje ya geti. Keti kwenye kimbweta (meza ya nje ya kusomea) na saa, bila desa, jibu upya karatasi ya maikro kwa dakika 180. Kisha fungua desa na kila alama uliyokosa uiweke kwenye fungu moja kati ya matatu: sikujua, nilijua nikakosea, sikufika. Fungu la tatu likiwa kubwa, shida ni saa. La pili likiwa kubwa, shida ni mazoezi machache. La kwanza likiwa kubwa, hapo ndipo pa kurudi kusoma.

Boss_wa_Eldi

Niingilie kidogo kutoka Kenya. Huku vyuo vingi CAT, yaani CA yenu, ni 30 na mtihani wa mwisho ni 70. Hiyo DS yako ya 57 ukiipima kwa mizani yetu inashuka hadi 54, na maikro inakuwa 45. Pia huku 40 hadi 49 ni D. Kwa hiyo shukuru hiyo 40 ya CA, lakini usiizoee, inaficha mambo.

Mabano

Nashughulikia hesabu peke yake. Test 1 asilimia 55, test 2 asilimia 30, UE 33. Kitu kilivunjika kati ya test ya kwanza na ya pili, na hakikuungwa. Kwenye kozi hizi, test ya pili huwa matriksi na difrensiesheni, na kila mtu anasema "difrensiesheni imenishinda". Mara nyingi sivyo. Ona hili:

Bei ni P = 200 − Q. Gharama ni C = 500 + 20Q + 0.5Q². Tafuta Q inayoleta faida kubwa kuliko zote.

Mapato ni 200Q − Q². Faida ni mapato toa gharama:
200Q − Q² − (500 + 20Q + 0.5Q²).

Anayefungua mabano vizuri anapata 180Q − 1.5Q² − 500. Anadifrenshieti: 180 − 3Q = 0, Q ni 60. Bei 140, mapato 8,400, gharama 3,500, faida 4,900. Anamalizia kwa kuonyesha kwamba difrensiesheni ya pili ni −3, hasi, kwa hiyo ni kilele kweli. Hiyo sentensi ya mwisho ina alama zake na inasahaulika kila mwaka.

Anayesahau kwamba alama ya kutoa inaingia kwa kila kilichomo kwenye mabano anaandika 200Q − Q² − 500 + 20Q + 0.5Q². Inakuwa 220Q − 0.5Q² − 500. Anadifrenshieti vizuri tu, 220 − Q = 0, Q ni 220. Rudisha kwenye bei: 200 − 220 ni −20. Muuzaji anamlipa mteja shilingi 20 achukue mzigo! Difrensiesheni yake haina kosa hata moja. Kosa ni mabano ya kidato cha pili.

Kwa hiyo fungua karatasi yako ya test 2, ile ya 6/20, na kalamu nyekundu. Mstari wa kwanza ulioharibika kwenye kila swali, ni wa mada mpya au ni wa mabano, sehemu, alama hasi? Ukikuta ni wa mabano (nadhani utakuta), usianze na desa la chuo. Chukua kitabu cha hesabu cha kidato cha pili, mazoezi 20 ya kufungua mabano na 20 ya milinganyo yenye sehemu, siku nne zinatosha. Baada ya hapo ndipo matriksi, ambapo kosa linalotawala ni kuzidisha namba kwa namba iliyo mahali pamoja, badala ya safu mlalo kwa safu wima. Andika ukubwa wake pembeni kabla ya kuzidisha: 2×3 kwa 3×2 inawezekana na jibu lake ni 2×2. Namba mbili za katikati zisipolingana, weka kalamu chini.

Usiisubirishe mpaka wiki ya sup. Semesta ya pili kuna takwimu au hesabu ya pili, na inajengwa juu ya hii hii.

Kimbweta_Na3

Swali la saa halijajibiwa. Krediti 1 ni saa 10 za kazi, zote kwa pamoja: mhadhara, seminari, kujisomea, mitihani. Krediti 60 ni saa 600. Ukizigawa kwa wiki 15 za masomo, ni 40 kwa wiki.

Kozi ya krediti 12 ina saa 120. Ikiwa darasani ni saa 3 kwa wiki, hizo ni 45, zinabaki 75, yaani saa 5 kwa wiki za peke yako. Kozi ya krediti 8 yenye saa 2 darasani inabakiza 50, kama saa 3 na dakika 20. Kwa kozi zako sita: darasani 15, kujisomea 25. Jumatatu hadi Ijumaa saa 3 kila siku ni 15, Jumamosi 6, Jumapili 4. Usiku wa manane haumo kabisa humo.

Zinakopotelea ni mianya. Kipindi kinaisha saa nne asubuhi, kingine saa nane mchana, katikati saa nne zinaliwa na foleni ya chakula na simu. Mianya ya namna hiyo mitatu kwa wiki ni saa 12, karibu nusu ya zile 25. Weka hapo mazoezi ya hesabu, maana hayahitaji utulivu mwingi kama kusoma nadharia. Na maelezo ya mhadhara yapitie siku hiyohiyo kwa dakika 20, wakati bado unaukumbuka mfano ambao mhadhiri aliuchora ubaoni na haumo kwenye desa.

Mhasibu_wa_Bumu

Hamjagusa fedha, na hizi zinaingia kwenye alama. Bodi ya Mikopo inatoa 10,000 kwa siku ya chakula na malazi tangu mwaka wa masomo 2022/2023, awali ilikuwa 8,500. Kwa siku 60 ni 600,000. Kama unaishi mtaani na umelipa kodi ya miezi mitatu, tuseme 60,000 kwa mwezi, imebaki 420,000, sawa na 7,000 kwa siku. Bumu (fedha hizo za Bodi) linalofuata likichelewa wiki mbili, zile 420,000 zinatakiwa zifike siku 74, ni 5,675 kwa siku. Siku 60 zinaisha karibu na wiki ya tisa, na test 2 nyingi ziko wiki ya kumi kwenda mbele. Wiki ya njaa na wiki ya test zinagongana.

Omba taarifa ya miamala ya semesta nzima kwenye mtandao wako wa simu. Pigia mstari siku saba za kwanza baada ya bumu kuingia, jumlisha zilizotoka. Ukikuta zimezidi 150,000 bila kodi, umeshapata jibu. Semesta ya pili tenga 80,000 siku ileile linapoingia, kwenye laini isiyo kwenye simu unayoitumia.

Fresha_wa_Biashara

Wakuu, nimefungua test 2 ya hesabu. Maswali matano, matatu mstari wa kwanza ulioharibika ni wa alama hasi, moja ni matriksi, moja sikufika. Swali la mwisho: kwenye sup CA yangu ya 17 itahesabiwa?

Kikokotoo

Inategemea kanuni za chuo chako. Vyuo vingi sup husahihishwa kwa alama 100 yenyewe, CA haiguswi, na pasi ni 40. Fungua kitabu cha kanuni za mitihani sehemu ya mitihani ya marudio, au uliza ofisi ya mitihani ya kitivo, usimuulize mwenzako wa chumbani. Kwa hali yako ni afadhali isihesabiwe: 17 kati ya 40 ingekulazimu utafute 23 kati ya 60 kuvuka, na bado gredi ingeandikwa C ileile. Huwa inafanyika mwisho wa mwaka, baada ya UE za semesta ya pili, kwa hiyo usinunue tiketi ya kwenda nyumbani kabla hujaiona tarehe ubaoni.